Sauti Mbili za Mnarani

“Niko Dar, mpenzi wangu. Kariakoo hapa, foleni imetukamata, hatuendi mbele wala nyuma.”

Modesta aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

“Mbona nasikia sauti yako mara mbili?”

“Mtandao wa huko kwenu milimani huo, mama. Si unaujua ulivyo?”

Modesta aliinua macho polepole. Juu yake kulikuwa na dari ya mbao, na katikati ya dari tundu la kupitishia ngazi. Sauti moja ilimwingia sikioni. Nyingine ilidondoka kutoka kwenye lile tundu, pamoja na vumbi kidogo.

“Huko Dar mvua inanyesha, Ezekiel?”

“Mvua? Jua la kukaanga mayai!”

Radi ikapiga mlimani, kuta za mawe zikatetema. Mlio ukaingia simuni kutoka upande wa pili, mzima kama ulivyo.

“Hicho nini?”

“Lori, mpenzi. Limepasuka tairi. Ngoja nikate, askari wa barabarani ananiangalia.”

Akakata. Juu kule mbao zikalia, mtu akacheka.

Kwa msioujua mnara huo, uko juu ya Mkuyuni, kupita kijiji cha misheni, kwenye ncha ya jabali ambako mbuzi mwenyewe hufikiri mara mbili. Waliujenga Wajerumani, wawe wanapelekeana habari kwa vioo vya kumulika jua. Umeinama kidogo, kwa sababu yule fundi wao alikuwa na sharubu ndefu, na upepo wa pale ukivuma zilikuwa zinamziba macho. Msinibishie, nendeni mkapime. Asubuhi ya kipupwe mawingu yakilala, dirisha la mashariki linakuonyesha bonde lote la Ruvu mpaka bahari ya Bagamoyo. Mimi nimeiona, na siku hiyo nilimwona mpaka mtu ufukweni anachovya chapati kwenye chai.

Siku hizi watu hupanda kupiga picha, na wenyeji hupanda kutafuta mtandao, maana simu haishiki vizuri popote isipokuwa pale. Modesta alikuwa ametoka shambani na kikapu cha pilipili manga, mvua ikamkuta njia ya ukingoni, akakimbilia humo. Alikuta kufuli linaning'inia wazi, akadhani mjomba wake Kasimiri kaleta wageni. Akaona ampigie mchumba wake amwambie amemkumbuka.

Ndipo akamsikia mara mbili.

“Amekuamini?” Sauti ya kike ikauliza juu.

Modesta aliijua kabla haijamaliza neno. Mwenye sauti hiyo walilala naye kitanda kimoja utotoni, kila likizo, wakigombea shuka. Rahel, binti wa mjomba Kasimiri, msusi wa saluni kule Kilakala.

“Modesta? Mwambie ng'ombe anataga, ataenda kutafuta kikapu cha mayai.”

“Usimcheke. Ni dada yangu.”

“Simcheki, namshukuru. Bila yeye ningemjulia wapi baba yako?”

“Na Jumamosi itakuwaje, Eze? Kijiji kizima kinajua posa ni ya Modesta. Mpaka vitenge vya sare wameshashona.”

“Ndiyo uzuri wenyewe. Posa ya Modesta anaipokea nani?”

“Baba. Ndiye mjomba wake.”

“Na posa yako?”

“Baba.”

“Mlango mmoja, mpokeaji mmoja. Mshenga akiulizwa amekuja kuchuma ua gani, atasema Rahel. Mbele ya wazee nani atapiga kelele? Baba yako atamnyima mwanawe mume hadharani?”

Mvua ilipiga bati.

“Na yeye?”

“Atalia wiki moja, atarudi kwenye pilipili manga zake. Rahel, nisikilize. Yule tajiri wa Arusha anataka hoteli hapahapa, ukingoni. Mageti, bwawa la kuogelea, njia hii tunaifunga, anayetaka kuona mnara apitie kwetu. Mnara ni wa nani?”

“Wa baba.”

“Ufunguo anao nani?”

“Baba.”

“Basi! Wewe ndiye mtoto wake. Modesta ni mpwa tu. Mpwa anarithi nini? Kikohozi?”

Wakacheka wote wawili.

Modesta alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini kilichotaka kupasuka kifuani hakikuwa kilio peke yake. Waluguru mliosoma hapo najua mmeshaanza kutikisa vichwa. Wengine vumilieni, tutafika.

Akajitwika kikapu chake, akatoka kwenye mvua.

* * *

“Mama, Ezekiel hanioi.”

Mama Winfrida alikuwa jikoni anapepeta maharage. Hakuacha kupepeta.

“Mmegombana?”

“Anamwoa Rahel. Nimewasikia mnarani. Jumamosi mshenga atataja jina la Rahel.”

Ungo ukasimama hewani.

“Rahel gani?”

“Mama, kuna Rahel wangapi?”

“Huyu niliyembeba mgongoni? Aliyenikojolea kitenge cha Pasaka?” Mama Winfrida akaweka ungo chini taratibu kama mtu anayeweka yai. “Nitamchinja huyo kijana.”

“Mama.”

“Kwa panga butu.”

“Mama, nisikilize. Wanautaka mnara. Wanadhani ni wa Rahel.”

Mama Winfrida akamtazama binti yake. Mdomo ukamcheza.

“Wanadhani ni wa nani?”

“Wa Rahel. Kwa kuwa ni mtoto wa mjomba.”

“Ee Mama Bikira Maria!” Akakaa kwenye kigoda, akaanza kucheka kwa mabega, halafu akamwona binti yake hacheki, akanyamaza. “Ulimpenda sana, eh?”

“Nampenda mpaka sasa. Ndiyo inayouma.”

“Basi twende kwa mjomba wako, tuimalize leo.”

“Hapana. Nampa mpaka Jumamosi. Akiniambia ukweli kwa mdomo wake, namwachia aende na Rahel wake, aibu nitaibeba mimi, nitasema nimemkataa. Lakini akinyamaza, aje aseme hadharani. Palepale mnarani, aliponichekea.”

“Na wakikucheka watu?”

“Watanicheka, mama. Kwani sasa hivi nimebaki na nini cha kuficha?”

Jioni akapanda mpaka penye mtandao, akaandika ujumbe:

“Ezekiel, kama kuna jambo linakukaa rohoni niambie kabla ya Jumamosi. Sitakasirika.”

Jibu likaja upesi:

“Jambo ni moja tu mke wangu mtarajiwa. Nakupenda hadi naumwa.” Na vikopa vyekundu vimepangwa mstari.

Mapenzi hayana akili. Modesta aliusoma ujumbe ule, na kwa kitambo kidogo, akiwa ameketi juu ya jiwe, aliuamini.

* * *

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Bibi harusi hatembei peke yake siku hizi, hujaambiwa?”

Mzee Kasimiri ndiye mndewa, mkuu wa ukoo wao. Mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Ufunguo wa mnara alikuwa ameuvaa shingoni, pamoja na rozari.

“Mjomba, nina ombi. Posa ipokelewe mnarani.”

“Mnarani? Wageni wapande mlima wote ule na viatu vya mjini?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Kuna nini?”

Modesta alitazama chini. “Wazee wetu wamezikwa pale. Nataka kitakachosemwa wakisikie na wao.”

Mjomba akamtazama kwa muda. Kisha akaushika ule ufunguo.

“Haya. Watapanda.”

* * *

Ijumaa Rahel alifika na begi lake la mafuta na vitana, akamkumbatia shangazi yake, akamkumbatia Modesta, akakaa nyuma yake kwenye mkeka. Ahadi ilikuwa ya siku nyingi: kichwa cha posa atakisuka yeye.

“Leo nakusuka mpaka Ezekiel akusahau jina.”

“Ameshaanza kunisahau.”

Vidole vya Rahel vikasita, vikaendelea. “Una maneno wewe! Nibane sana?”

“Bana tu. Nimezoea kuumia.”

“Modesta.”

“Abee.”

“Unampenda kweli?”

“Kwa nini unauliza?”

“Nauliza tu. Wanaume wa mjini hawatabiriki.”

“Na ndugu je? Wanatabirika?”

Kuku alipita akichokoa mchanga. Rahel alivuta nywele, akagawa, akasuka. Modesta aliusikia mkono wa dada yake unatetemeka, akangoja. Kama Rahel angesema neno moja tu pale, neno moja, hadithi hii isingekuwa na mwisho wake.

“Nimemaliza,” alisema Rahel. “Umependeza. Wallahi umependeza.”

“Asante, dada. Mungu akulipe.”

Rahel akafungasha vitana vyake haraka, akasema kichwa kinamuuma.

* * *

Jumamosi kulikucha kweupe. Wajumbe wa kwa Ezekiel walishushwa na gari Mkuyuni, wakapanda kwa miguu. Mbele alikuwa mshenga, Mzee Abdulatif, baba mwenye nyumba wa Ezekiel kule Mwembesongo. Mnyamwezi wa Tabora, kanzu nyeupe, viatu vyeusi vyenye ncha, vya kung'aa kiasi kwamba mjusi mmoja alijiona humo akakimbia. Ezekiel alikuwa katika suti ya samawati, miwani myeusi, anapiga picha kila kona kama mwenye mali anayekagua mali yake.

Njia ile ni nzuri, acheni. Unapita migomba, unapita karafuu zinazonukia, halafu ghafla upande mmoja ardhi inaisha. Chini yako ni hewa tu, na tai wanapaa wakiwa wamekupa mgongo. Ruvu inang'aa kule chini kama mkufu uliodondoshwa.

Mzee Abdulatif alikuwa ameshikilia mche wa mdalasini, anahema.

“Mnyamwezi!” Mama Winfrida alimwita kutoka juu. “Babu zako walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka pwani, wewe kanzu tu imekushinda?”

“Babu zangu walipita bondeni, mama! Huku mlikimbilia nyie Waluguru, mkiogopa vita!”

“Na leo umetufuata. Karibu, mtani. Ukianguka tutakuzika bure.”

Watu walicheka mpaka walipofika. Kijiji kilikuwa kimejaa kwenye uwanja wa mnara, vitenge vya sare, njano na kijani. Modesta alikaa mkekani kati ya wanawake, kichwa kimesukwa, macho chini. Rahel alikaa nyuma yake. Alikuwa amevaa vizuri kuliko ilivyohitajika.

Ezekiel alipita karibu, akainama.

“Umependeza, mpenzi.”

“Ezekiel,” Modesta alinong'ona. “Mara ya mwisho. Huna la kuniambia?”

“Nikuambie nini tena? Subiri usikie.”

Akasubiri.

Mzee Kasimiri alikohoa. “Wageni, karibuni. Mmepanda mlima, basi jambo lenu ni zito. Semeni.”

Mzee Abdulatif akasimama, akajifuta jasho. “Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo, kwa wenzetu. Ndugu zangu, sisi tulikuwa tunapita njia. Tukaona bustani. Katika bustani tukaona ua. Kijana wetu Ezekiel hali, halali, kwa sababu ya ua hilo. Tumekuja kuliomba.”

Vigelegele.

“Bustani yetu ina maua mengi,” alisema Kasimiri akitabasamu. “Ua gani?”

Mzee Abdulatif alimtazama Modesta. Akamtazama Ezekiel. Ezekiel akampa ishara kwa kichwa: sema.

“Ua lenyewe,” mzee alisema, na sauti ikamshuka, “linaitwa Rahel.”

Ngoma iliyokuwa inapigwa nyuma ya mnara ikapiga mara moja peke yake, ikafa.

“Umesemaje?” aliuliza Kasimiri.

“Rahel, binti yako. Ndivyo nilivyotumwa.”

Mwanamke mmoja akasema “Haa!” Mwingine akajishika kichwa. Macho ya kijiji kizima yakamwangukia Modesta kama mvua ya mawe. Alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi, na bado aliona dunia inazunguka, jabali, mawingu, vitenge, vyote. Akashika ukingo wa mkeka. Hakuinuka. Hakulia.

Mjomba wake alimgeukia. “Modesta, ulijua?”

“Nilijua, mjomba.”

“Ndiyo maana ukataka hapa.”

“Ndiyo, mjomba.”

Kasimiri alifumba macho. Alipoyafumbua alimtazama binti yake. “Rahel, simama. Huyu unamjua?”

Rahel alisimama, shingo imemlegea. “Namjua, baba.”

“Unamtaka?”

“Ndiyo… Ndiyo, baba.”

“Unajua alikuwa mchumba wa nani?”

Rahel aliinamisha uso. Machozi yakampitia puani.

“Baba mkwe,” Ezekiel akaingilia, mkono kifuani, “mapenzi hayachagui. Namheshimu sana Modesta. Lakini moyo ukishaamua…”

“Moyo ukishaamua,” alirudia Kasimiri. “Sawa. Mimi siwezi kumfunga kamba mtoto aliyezaliwa na mimi. Akikutaka, nitampeleka kanisani. Kuna lingine?”

Ezekiel alivua miwani. Hakuamini ilivyokuwa rahisi. “La posa limekwisha, baba. Lililobaki ni lile letu la maendeleo. Yule tajiri wangu yuko tayari wakati wowote. Na kwa kuwa sasa mimi ni mume wa mwenye mlima…”

“Mume wa nani?”

“Wa Rahel.”

“Ndiyo. Na mwenye mlima ni nani?”

Ezekiel alicheka kidogo, akatazama watu kutafuta wa kucheka naye. Hakupata.

“Si wewe, baba? Na baadaye Rahel.”

Sasa kijiji ndicho kilichocheka. Kicheko kilianza kwa bibi mmoja asiye na meno, kikaenda hivi mpaka wapiga ngoma. Walicheka mpaka tai wakahama.

“Kijana,” alisema Kasimiri, na yeye hakucheka, “wewe unatoka wapi?”

“Singida.”

“Na umekaa kwetu muda wote huu, unakula ugali wetu, hukuuliza. Kwetu ardhi inafuata tumbo la mama. Mimi nashika ufunguo, sishiki mlima. Nikifa leo, jembe langu linarudi kwa watoto wa dada yangu.” Akanyoosha kidole kwa Mama Winfrida, kisha kwa Modesta. “Rahel ni damu yangu, Modesta ni ukoo wangu. Mama yake Rahel ni Mhehe. Haki ya mwanangu iko kwao Iringa, kwa baba wa mama yake, kama ipo. Hapa ana mapenzi yangu. Ana nyanya zangu zile pale chini, akizitaka. Jiwe moja la mnara huu hana.”

“Lakini nilimuuliza!” Ezekiel alimgeukia Modesta. “Nilikuuliza siku ya kwanza, huu mlima wa nani? Ukasema wa mjomba!”

“Ulitaka nisemeje?” Modesta aliinua uso kwa mara ya kwanza. “Mjomba yuko hai, nisimame mbele ya mgeni niseme ni wangu? Ningekuwa namwombea kifo. Mtoto aliyelelewa anasema ni wa mjomba. Kila mtu hapa anasema hivyo.”

“Sasa mimi ningejuaje?”

“Ungenioa, ungejua.”

Na hapo, jamani, ndipo nilipojua kwamba kuna watu ambao aibu yao haikupakiwa siku walipoumbwa. Ezekiel alitazama mnara. Alitazama ukingo. Halafu akacheka.

“Wazee wangu, poleni. Kuna kosa limetokea. Mzee Abdulatif umri umekwenda, amechanganya majina. Nilimtuma Modesta.”

“Unasemaje?” Mzee Abdulatif aliinuka kama chatu. “Mimi? Nimechanganya? Njia nzima tangu Mkuyuni nakuuliza, kijana, ni Modesta? Unaniambia Rahel, mzee, Rahel, usikosee! Nikakuuliza tena pale kwenye mdalasini nikiwa sina pumzi, ukanifokea!”

“Mzee, tusikuze mambo…”

“Ewe mtani wangu,” Abdulatif alimgeukia Kasimiri, “nimekuletea uchafu nyumbani kwako kwa mdomo huu huu. Naomba unisamehe.” Kisha kwa Ezekiel: “Na wewe, ukishuka mjini, utakuta godoro lako barazani.”

Rahel hakuna aliyekuwa anamtazama. Alikuja mpaka mbele ya Ezekiel, pole pole.

“Eze. Ulimtuma nani?”

“Rahel, ngoja kwanza, tutaongea.”

“Nijibu. Ulimtuma nani?”

“Elewa hali ilivyo…”

“Ulisema utanioa hata nikiwa sina kitu. Juu kule. Ulisema.”

“Sasa wewe nawe! Ulikuwa mtu wa likizo tu huku, hukujua mila za baba yako mwenyewe, lawama nibebe mimi?”

Rahel alivua pete ndogo aliyokuwa ameificha kwenye cheni, ndani ya gauni. Alikwenda mpaka ukingoni, akaitupa. Wenyeji wanaapa haijafika chini mpaka leo.

Kisha akageuka. Watu walikuwa wanampisha kama mtu mwenye ugonjwa. Akasimama mbele ya mkeka.

“Modesta. Ulijua tangu lini?”

“Tangu siku ya mvua. Nilikuwa chini yenu.”

“Na jana ukaniacha nikusuke?”

“Nilikuwa nangoja uniambie.”

“Nilitaka. Haki ya Mungu nilitaka, mkono ulikuwa…”

“Niliusikia mkono wako, Rahel. Nilitaka mdomo.”

Rahel alipiga magoti. Modesta hakumwinua. Hakumsukuma pia. Mama Winfrida ndiye aliyekuja, akamshika mtoto wa kaka yake begani, akamwongoza kwenye njia ya kushuka, bila neno zuri wala baya.

* * *

Kijiji kikashuka. Chakula kilikuwa kimeshapikwa, na pilau haijui habari za posa, ililiwa. Mzee Abdulatif alipewa sahani kubwa na Waluguru watani zake, akaambiwa hiyo ni faini, akala faini yote.

Modesta alibaki nyuma. Mjomba wake alivua ufunguo shingoni, akamkabidhi.

“Mjomba, uko hai bado.”

“Niko hai. Lakini leo funga wewe.” Akageukia njia ya kushuka. “Yule ni mwanangu, Modesta. Sijui hata nikuambie nini.”

“Usiniambie kitu, mjomba. Nenda kamwangalie.”

Alipoondoka, Modesta akapanda ngazi mpaka juu, akakaa kwenye dirisha la mashariki. Mawingu yalikuwa yanajaa bondeni. Hakukuwa na Ruvu, hakukuwa na bahari, kulikuwa na weupe tu. Akaingiza vidole kichwani, akaanza kufumua. Msuko mmoja, mwingine. Rahel alikuwa amebana kweli. Nywele zilikuwa zinatoka na kilio, na hapo, peke yake, akakiacha kitoke.

Mvua ikaanza. Ile ya kwetu, isiyobisha hodi.

Chini mlango ukasukumwa. Mtu akaingia anahema, akakung'uta koti, akapiga chafya. Gari lilikuwa limemwacha, akarudi juu kutafuta mtandao, na njia ya ukingoni kwenye mvua haipitiki kwa viatu vya suti. Modesta alitulia. Kupitia lile tundu aliona bega la samawati, limelowa, limekuwa jeusi.

Simu yake ikaita.

Alilitazama jina. Alikuwa bado hajalibadilisha: “Mume Wangu”, na kikopa. Akajifuta uso. Akapokea.

“Haloo.”

“Modesta, usikate! Mpenzi wangu, nakuomba. Shetani alinipitia. Nilichanganyikiwa, yule msichana alinizunguka na maneno. Nakupenda wewe, mnara sio kitu kwangu, nakuapia, hata kuuona sitaki tena. Nipo njiani nashuka mjini sasa hivi, kwenye gari, lakini nikiambiwa neno moja tu nageuza. Uko wapi, mama? Niambie uko wapi nikufuate.”

Radi ikapiga. Kuta zikatetema.

Modesta alivuta msuko wa mwisho, akauachia ufumuke wenyewe.

“Niko Dar, Ezekiel. Kariakoo hapa, foleni imenikamata.”

Chini kule, chafya ilikatikia njiani.

“Dar? Modesta… mbona… mbona nasikia sauti yako mara mbili?”

Aliinuka, akachukua ufunguo, akaanza kushuka ngazi taratibu, simu ikiwa bado sikioni.

“Mtandao tu huo,” alisema. “Haya, toka nje. Nafunga mnara wangu.”